Kikombe cha Maziwa Kwenye Jagi la Violeth

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Ifakara halijaanza kuchoma mabati, Restuta alikuwa jikoni akitengeneza kahawa baridi ya Bibi yake. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alichagua mchele, akaukaanga mkavu kwenye kikaango mpaka ukanukia, kisha akauchemsha hadi ukalainika kabisa. Ulipopoa aliusaga kwenye blenda pamoja na maji yaliyochemshwa, akauchuja kwa kitambaa safi. Yakatoka maziwa ya mchele, mazito kiasi na yenye harufu nzuri. Pembeni kahawa ilichemka na iliki na tangawizi, halafu sufuria ikakalishwa ndani ya beseni la maji ipoe. Vikishapoa vyote viwili ndipo vilichanganywa, vikatiwa sukari na barafu. Ukivichanganya vikiwa moto, ndugu yangu, utakunywa uji.

Bibi Scolastica, mwenyeji wa Mahenge aliyezeekea mtaa wa Lipangalala hapo Ifakara, alikuwa na tumbo lisilopatana na maziwa hata kidogo. Mwaka uliopita, kwenye harusi katika kijiji cha Mbingu, alikaribishwa mtindi akaona haya kukataa. Alilazwa hospitali siku tatu, ametundikiwa dripu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba hatapona. Alipopona, mama yake Restuta akabuni hiyo kahawa ya mchele na kumfundisha bintiye. Sasa Mama alikuwa Mngeta kwenye mavuno ya mpunga. Siku ya kuondoka alisema, "Restu, nakuachia Bibi. Anachokula na anachokunywa, ujue wewe kwanza." Restuta alikuwa na miaka kumi na mitatu, na siku hiyo alijiona mtu mzima.

Sasa sikilizeni alichofanya Violeth.

Violeth alikuwa jirani yao, na darasani walikaa dawati moja. Jumamosi nyingi alikuja, akavuta kigoda, akaangalia mchele unavyokaangwa. "Na iliki unatia ngapi?" aliuliza. Restuta alimjibu kila kitu, kwani rafiki anafichwa nini?

Jumatano, kwenye kipindi cha stadi za kazi, Mwalimu Hilary aliuliza nani anaweza kueleza kitu kinachotengenezwa nyumbani kwao. Violeth akanyoosha mkono kabla swali halijaisha.

"Sisi tunatengeneza kahawa baridi isiyo na maziwa, Mwalimu. Nimeibuni mwenyewe."

Akaieleza yote, kuanzia kikaango mpaka barafu. Mwalimu Hilary alifurahi sana, maana yeye mwenyewe maziwa humsumbua tumbo, na chai yake siku zote ni ya rangi. Restuta alisimama bila kuruhusiwa.

"Mwalimu, hiyo ni ya kwetu! Aliiona kwetu!"

Violeth hakupepesa hata jicho. "Ya kwao ni maji ya mchele tu, Mwalimu. Wanakunywa hayo kwa sababu hawana uwezo wa kununua maziwa."

Darasa zima likaangua kicheko. Evod, aliyekaa nyuma, akapaza sauti, "Maji ya Mchele!" Mwalimu aligonga meza wakanyamaza, lakini hakuuliza zaidi ukweli ni upi. Jumamosi jumuiya ya kanisani ingesali nyumbani kwa kina Violeth, na Mwalimu Hilary ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Akamwambia Violeth awaandalie wanajumuiya kinywaji chake hicho. Hadi wanatoka mapumziko, Restuta hakuwa tena Restuta. Alikuwa Maji ya Mchele, kuanzia bombani mpaka uwanjani.

Lo! Usiombe kuiona hasira ya mtoto mpole. Restuta hakulia wala hakupigana. Alirudi nyumbani, akamsalimia Bibi, akapika, akaosha vyombo, na muda wote huo moyo ulikuwa unachemka. Alipoulizwa na Bibi, "Mbona umenuna?" alisema kichwa kinamuuma. Siku tatu aliilisha ile hasira kama mtu anayenenepesha nguruwe wa Krismasi. Alitaka Violeth aaibike mbele za watu kama yeye alivyoaibishwa, tena zaidi, tena mbele ya Mwalimu yuleyule.

Jumamosi asubuhi alipita Mzee Masalu, mfugaji, na madumu ya maziwa kwenye baiskeli. Restuta akatoka na kikombe.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo hapa kwenu mnakunywa maziwa?"

"Ni ya jirani, Babu."

Mzee Masalu akampimia. "Wachemshe vizuri. Haya yamekamuliwa alfajiri, ni mabichi."

"Sawa, Babu," alisema Restuta. Hakuyachemsha. Aliyamimina kwenye chupa ndogo, akaifunga ndani ya khanga, akaificha chini ya kitanda. Mpango wake ulikuwa mwepesi kama kumsukuma mlevi. Mwalimu Hilary atakunywa, tumbo litamgeuka, na watu wote watajua kwamba Violeth ni mwongo asiyejua hata kinywaji anachojisifia.

Saa tisa alasiri aliwahi kwa kina Violeth, eti kusaidia kupanga mabenchi. Bibi alikuwa amemwacha nyumbani amejilaza, miguu ikimuuma, na hakukuwa na dalili kwamba angekwenda popote. Violeth alikuwa ametumwa barafu. Jagi lilikuwa jikoni, limefunikwa na sahani. Restuta akatazama mlangoni, akafunua, akamimina chupa yote, akakoroga, akafunika. Rangi haikubadilika sana. Roho yake ikatulia tuli. Akamwona Mwalimu Hilary akilini, ameshika mkanda wa suruali, anaulizia choo kiko wapi, akatabasamu peke yake.

Sala zikaanza. Watu waliimba, wakasoma, wakatafakari. Ilipofika Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea, Restuta aliufumba mdomo akauruka huo mstari. Hakutaka kusamehe, na hakutaka kumdanganya Mungu pia.

Walipokuwa wanamalizia wimbo wa mwisho, pazia la mlango likasogea. Bibi Scolastica aliingia na fimbo yake, taratibu, anahema.

"Nimesikia mnaimba vizuri," alisema, "nikasema leo nitajikokota hivyo hivyo."

Watu wakamchekea, wakamwamkia, wakampisha kwenye kiti chenye mto. Wakati huohuo Violeth alitoka jikoni na sinia la vikombe. Mtoto aliyefunzwa hahitaji kuambiwa kikombe cha kwanza ni cha nani. Alimpita Mwalimu, akawapita kina mama wote, akapiga magoti mbele ya Bibi.

"Karibu kahawa, Bibi. Ni ya mchele, haina maziwa."

"Wee! Kama ya kwangu?" Bibi alifurahi. "Haya, tutolee sumu kwanza."

Ndiyo desturi ya wazee wetu. Anayekaribisha kinywaji hukionja yeye mbele ya mgeni, kuonyesha kwamba hakina ubaya. Violeth akapiga funda moja harakaharaka, akakipangusa kikombe. "Salama, Bibi."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua, kisha akasita. "Ahsante, mwanangu. Usinielewe vibaya, lakini mimi nina mlinzi. Restu! Njoo uonje. Wewe ukisema sawa, nakunywa."

Watu walicheka kwa upendo. Restuta alisogea. Akakipokea kikombe, akaonja. Ladha ya maziwa ilikuwa wazi kwa mtu aliyeijua kahawa ile kila wiki. Watu wote walikuwa wanamtazama, na Bibi alikuwa amenyoosha mkono tayari kukipokea.

"Usinywe, Bibi," alisema. "Ina maziwa."

Mama Violeth akaruka kutoka kwenye mkeka. "Violeth! Umetia maziwa? Unataka kutuulia mama wa watu humu ndani?"

"Sijatia, Mama! Haki ya Mungu sijatia!"

"Kwa hiyo yamejimimina yenyewe?"

Mwalimu Hilary alilitazama lile sinia la vikombe. "Violeth, darasani ulisema umekibuni mwenyewe. Mtu aliyebuni kitu hajui alichotia?"

Hapo Violeth akaangua kilio. "Nilidanganya, Mwalimu! Ni ya kina Restuta. Nilikuwa namwangalia anavyofanya. Lakini maziwa sijatia!"

Na hapa tusidanganyane: ilikuwa tamu. Restuta alikuwa amepata kila alichokitaka, tena na nyongeza. Mwizi wake amekiri mbele ya jumuiya nzima. Bibi hajanywa. Hakuna aliyemshuku. Mama Violeth alikuwa ameshatoka nje kuvunja fimbo ya mpera, na kazi pekee iliyobaki kwa Restuta ilikuwa kunyamaza. Akanyamaza, akaangalia machozi ya Violeth yanavyodondoka kwenye sinia, na akasema moyoni: lia, lia zaidi.

Mama Violeth akarudi na fimbo. Lakini Violeth hakuitazama ile fimbo. Alimgeukia Restuta.

"Restu, wewe unanijua. Waambie. Mimi ni mwongo, sawa. Ila mimi, mimi naweza kumtilia Bibi maziwa?"

Hakuweza. Restuta alijua. Bibi alipolazwa, ni Violeth aliyewachotea maji siku zote tatu bila kuombwa, ndoo baada ya ndoo, na jioni ya tatu alilala palepale kwao kwa kuchoka. Fimbo ikapanda juu.

"Mwacheni!" Restuta alipiga kelele. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyetia!"

Fimbo ikabaki hewani. Restuta akaeleza yote kwa sauti ya kukatikakatika: darasani, jina aliloitwa, chupa chini ya kitanda, jagi. Alipomaliza, Bibi aliuliza swali moja tu.

"Maziwa ya nani?"

"Ya Babu Masalu."

"Uliyachemsha?"

"Hapana, Bibi."

Mwalimu Hilary akashika kichwa. "Maziwa mabichi, Restuta! Hayo yanabeba magonjwa hata kwa mtu ambaye tumbo lake ni zima. Humu ndani mna wazee, mna mama mjamzito, mna watoto." Akawageukia watu. "Na mimi nina kosa langu. Huyu mtoto alisimama darasani akasema ukweli, sikumsikiliza. Jumatatu Violeth atalieleza darasa mwenyewe, na nitakuwepo. Atakayemwita Restuta jina lingine, tutaonana."

Jagi likamwagwa nje, vikombe vikaoshwa kwa maji ya moto. Restuta alipiga magoti mbele ya Mama Violeth akaomba radhi. Mama yule alikuwa bado na hasira, akasema radhi ameisikia, lakini kuanzia kesho wiki nzima maji ya nyumba ile atayachota Restuta. Kisha Bibi akawaamuru wasichana wote wawili waingie jikoni waitengeneze upya, tangu mchele.

Restuta alikaanga, Violeth akachochea moto.

"Nisamehe," Violeth alisema mwishowe, bila kumtazama. "Nilikuwa naona wivu. Kila mtu kwenu anakusifia wewe."

"Na wewe unisamehe," alisema Restuta. Hakusema kwamba hasira imeisha, kwa sababu ilikuwa haijaisha. Lakini alimpa kitambaa ashike upande mmoja, yeye akashika mwingine, wakachuja pamoja. Saa nzima baadaye, wachache waliokuwa na subira wakanywa, na Mwalimu Hilary akaongeza kikombe cha pili.

Wakiwa njiani kurudi, Bibi alisimama kupumzika kwenye kivuli cha nyumba moja.

"Restu, uliposema 'ina maziwa,' ulisema kweli au uongo?"

"Kweli, Bibi."

"Ulisema nusu. Na ile nusu uliyoificha ndiyo iliyokuwa inakwenda kumchapa mwenzako." Bibi aliegemea fimbo yake. "Violeth alikukosea, tena vibaya. Ungeniambia Jumatano, Alhamisi ningekuwa ofisini kwa mwalimu mkuu na miguu yangu hii mibovu. Haki yako ungeipata. Lakini wewe uliitafuta kwa kujificha, ukawa na kosa kubwa kuliko lake. Mtu akikukosea, mdai waziwazi kwa maneno. Sumu ukishaitia kwenye jagi huwezi tena kuchagua nani atakayeinywa. Ulimkusudia Mwalimu, ikaja mkononi mwangu."

Restuta alilia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Alipotulia, aliuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, utamwambia Mama?"

"Mimi? Hapana."

Restuta akashusha pumzi.

"Utamwambia wewe," alisema Bibi, akaingiza mkono ndani ya khanga na kumpa simu. "Aliyeachiwa mtu ndiye anayetoa taarifa. Piga sasa hivi, ningali nimesimama hapa, na useme yote, si nusu."

Restuta akalitafuta jina la Mama, akapiga.