Kamwene Kabla ya Jina

Gurudumu la nyuma lilizama polepole, bila kishindo, kama mguu unaokanyaga uji. Kanta, lori lao dogo, ikainama, magunia ya mpunga yakaserereka, na Sosthenes aliporuka kutazama kulikoni, bati la bodi lilimpasua paja.

Yeye na Lea, mke wa kaka yake, walikuwa wametoka Madibira kwenda Iringa. Mvua ilikuwa imeikata barabara, na Sosthenes, dereva asiyejua kungoja, alijigamba kwamba anaijua njia ya mkato ya milimani. Njia yenyewe ilipita juu ya tuta la udongo lililozuia bwawa dogo, bwawa ambalo Lea alichota maji yake utotoni. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu mchana. Bwawa lilikuwa pembeni yao kabisa, lakini hawakuliona.

"Shemeji, tumekanyaga nini?" aliuliza Lea akimfunga paja kwa kitenge.

"Hatujakanyaga kitu. Hapo chini hakuna kitu."

Lea alipiga magoti, akachungulia. Chini ya gurudumu palikuwa na shimo jeusi lililoingia ndani ya tuta, na humo shimoni palisikika mlio wa koo linalomeza. Gubu. Gubu. Msimu wa mvua vyura wa bwawa lile walikuwa wakipiga kelele hata watu wakakosa usingizi. Leo hapakuwa na chura hata mmoja.

"Kiu," alisema Sosthenes.

Lea alichukua kidumu, akashuka chini ya tuta kwenye chemchemi. Watu walikuwa wakijivunia chemchemi ile. Zamani walipanda miti ya milingoti juu ya tuta ili mizizi ishike udongo, kisha wakaikata wapate mbao za kuezeka kanisa. Mvua zilizofuata, maji yakabubujika chini ya tuta, safi na baridi. Wakasema Mungu amewalipa mbao zake. Wakaweka bomba, wakapiga makofi, na Lea alipiga makofi pamoja nao. Nani ataihoji baraka?

Alionja kwanza. Kitu kilisagika katikati ya meno. Akatema kiganjani, akaona udongo mwekundu, na maji ya bombani yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nimekunywa tuta, aliwaza. Visiki vilikuwa vimeoza, mizizi ikaacha mirija, na maji yalikuwa yakipita humo yakilichukua tuta punje kwa punje. Methali ya ufa na ukuta tunaikariri sote, ila ufa ukitoa maji matamu tunauwekea bomba.

Na bondeni, mbele ya maji yote yale, aliishi mama yake, Veneranda, peke yake kati ya mianzi anayoigema pombe ya ulanzi.

Simu haikuwa na mtandao. Lea alimburura Sosthenes hadi kwenye mwamba mwisho wa tuta, akamlaza.

"Tuta linakatika. Namfuata mama."

"Nenda. Ila shemeji..." Sosthenes alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Kuna mtu ananiita kwenye ukungu. Anajua jina langu."

"Usiitike," alisema Lea.

Alikimbia kwa mgongo wa kilima, akianguka na kuinuka, miiba ikimchana. Kushoto kwake ile gubu, gubu ilikuwa imegeuka mkoromo. Alipofika juu ya nyumba aliona mwanga wa moto mlangoni, hafifu. Hakuwa na pumzi ya kushuka zaidi. Akapaza sauti.

"Mama! Mama, toka!"

Hakuna aliyetoka. Masikio ya kizee, alifikiri, na kwa hofu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Veneranda! Veneranda, toka nje!"

Moto ukazimwa. Halafu akasikia komeo likiteremshwa.

Hapo ndipo alipokumbuka, akataka kujipiga kofi. Nani kama si mama huyuhuyu aliyemfundisha? Kwenye ukungu mzimu huita jina. Mtu husalimia kwanza, husema kamwene, ndipo ataje jina. Na yeye, mtoto wa kuzaa, alikuwa amemwita mama yake kwa jina kutoka gizani mwa ukungu, tena akimwamuru atoke. Angekuwa yeye ndani, angeongeza na gogo mlangoni.

Alijiburuta hadi uani. Nyuma yake kilima kilikuwa kikitetemeka. Kila kitu mwilini kilitaka kupiga mayowe, lakini alikunja magoti kama anavyosalimia binti mwenye adabu, akaituliza sauti.

"Kamwene, mama."

Komeo halikutikisika. Machozi yalimtoka.

"Kamwene."

Komeo likainuka. "Kamwene, mwanangu. Mmeshindaje huko? Watoto hawajam..."

"Mama, tutasalimiana juu!"

Alimvuta mkono, wakapanda kwa magoti na kucha. Walikuwa hawajafika kwenye mawe ya juu kilimani maji ya bwawa yalipopita chini yao. Hawakuyaona. Walisikia mianzi ikipasuka, kisha paa la bati likalia mara moja, na harufu ya matope ikawajaa puani. Lea alimkumbatia mama yake na kulia kwa sauti, bila aibu.

"Umenitia hofu," alisema Veneranda. "Ila mara ile ya kwanza nusura nitoke."

"Ya kwanza ipi?"

"Uliponiita kutoka mtoni. Uliniambia nishuke, ulanzi unamwagika."

Lea hakuwa amefika mtoni. Alimshika mkono kwa nguvu, wakarudi kwa kupapasa hadi karibu na mwamba, na hapo akasimama.

"Kamwene," alisema.

Aliuzuia mguu wake usisogee mpaka salamu irudi.

"Kamwene, shemeji," ilijibu sauti dhaifu. "Kanta imekwenda. Na mimi nimeitwa mpaka nimechoka."

Asubuhi wachungaji wa ng'ombe walimbeba Sosthenes kwa machela ya mianzi hadi hospitali. Mguu ulipona, ingawa anachechemea, na hataji tena njia ya mkato. Veneranda sasa anaishi na binti yake huko Ipogolo, mjini Iringa, na kulalamika kwamba ulanzi wa mjini una maji.

Lea anauza mchele. Simu ikilia na mtu akaanza kwa kumwita jina, Lea hukaa kimya, simu sikioni, mpaka asalimiwe. Wateja wanasema anaringa.