Nilikifungua Kisanduku cha Editha Juani

Kamera niliinunua kwa elfu tisini, nikaiuza kwa milioni moja na laki mbili. Nimehesabu mara mbili kama kawaida yangu, na mara zote mbili hesabu inaniambia nimepata faida... Basi mbona chakula hakipiti kooni? Kwa sababu gharama yenyewe haimo kwenye hesabu hiyo. Gharama ni sura ya binti wa mtu. Ilikuwa imebaki moja tu duniani, na mimi niliimaliza saa sita mchana, mbele ya kibanda changu, huku natafuna muhogo wa kuchoma!

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita. Naishi hapa Songea mjini na binti yangu wa pekee, Jeska, mwenye miaka kumi na tisa. Baba yake alikwenda Tunduru kununua korosho Jeska akiwa darasa la pili. Nadhani bado anazichagua.

Nauza vitu vilivyotumika: cherehani, redio, vitanda, majiko. Na leo nitaungama jambo la kazi hii. Siku ya kumaliza matanga, ndugu wanapokaa kugawana vitu vya marehemu, mimi huwa sikosi. Wenzangu wanakuja na unga na maharage, mimi nakuja na futi ya kupimia. Nakaa na akina mama, nalia kidogo panapostahili, halafu ndugu wakianza kugombea kabati nawaambia uzeni, mgawane pesa, mbaki ndugu. Nimeokoa koo nyingi kwa njia hiyo. Na makabati mengi.

Ndivyo nilivyofika Matogoro, nyumbani kwa marehemu Mzee Gervas. Zamani alikuwa mpiga picha, watu wakivaa suti za kuazima ili wasimame mbele yake. Watoto wa kaka zake walikuja kutoka Mpitimbi wakabeba baiskeli, vitanda, hata mabati yaliyokuwa yameegemezwa nyuma ya jiko. Mjane wake, Mama Editha, alikaa kwenye mkeka akiwatazama kama mtu anayetazama mvua. Kitu kimoja tu walikiacha. Mmoja wao alikigonga kwa kidole akasema, "Hiki ni mzinga wa nyuki wa Kizungu."

Haukuwa mzinga! Ilikuwa kamera kubwa ya zamani, ya filamu, sanduku la mbao nyekundu iliyong'aa, kona zake za shaba, ngozi nyeusi katikati imekunjwakunjwa kama kinanda cha kuvuta. Ilikuwa na miguu yake mitatu na kitambaa chake cheusi cha mpiga picha kujifunika kichwa. Hakuna mchwa, hakuna kutu, hakuna hata mkwaruzo. Moyo wangu uliruka... lakini uso nikaukunja. Uso wa mnunuzi haupaswi kufurahi kabla ya bei.

Nikamwambia, mama, siku hizi watu wanapiga kwa simu, hii nitaiuza kuni. Akataka laki mbili. Nikasema elfu hamsini. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na kisanduku bapa, kipana kama daftari, kimefungwa kwa kitambaa cheusi na uzi mwekundu.

Alinieleza taratibu. Ndani ya kisanduku kile mlikuwa na filamu moja ambayo haijasafishwa kwa dawa ili picha itokee. Mzee Gervas alimpiga binti yao Editha asubuhi moja pale barazani, na wiki hiyohiyo Editha akaugua homa akafa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba hakuwa na moyo wa kuisafisha. Aliifunga, akaiweka chini ya kitanda, na tangu siku ile hakupiga tena picha ya mtu yeyote. Miaka zaidi ya thelathini! Picha nyingine zote za Editha zilioza paa lilipovuja.

"Mwanangu, sauti yake ninayo," Mama Editha aliniambia. "Hata namna alivyokuwa akicheka ninayo. Sura imenikimbia. Nikifumba macho naona gauni tu, juu ya gauni hapana mtu."

Akasema, kama nitamtafuta fundi anayejua filamu za zamani, aisafishe na nimletee picha, atanipunguzia bei hadi elfu tisini. Sharti ni moja: nisikifungue. "Mwanga ukiingia, mwanangu atakufa mara ya pili." Nikaweka mkono juu ya kisanduku nikaapa. Tena niliapa kwa haraka, maana nilikuwa tayari napiga hesabu ya punguzo.

Basi mtaniuliza, Mama Jeska, uliapa, ulikifungua kwa nini?

Nitawaambia ukweli. Miaka ya nyuma niliuziwa sanduku la cherehani lililofungwa kwa kamba nzuri kabisa. Muuzaji alinisihi nisilifungue njiani, chombo kisije kikaingia vumbi. Nilipofika nyumbani nilikuta matofali mawili ya kuchoma. Tangu siku ile, kitu kilichofungwa kwangu ni mwizi mpaka athibitishe vinginevyo.

Wiki ile nikapata mteja kwa simu, kijana wa Dar aitwaye Frenki, ambaye bado anapiga picha za filamu kwa mapenzi yake. Akaniuliza visanduku vya filamu viko vingapi na kama vyote ni vizima. Vilikuja sita pamoja na kamera, nikavitoa nje kwenye mwanga nivione vizuri. Vitano nilivifungua, vitupu. Nikabaki na kile cha sita, cha uzi mwekundu... Nikajiambia, mtu akikukataza kufungua kitu, pana kitu. Mzee yule aliweka akiba humu, mjane hajui! Na hata kama hamna pesa, nitauzaje kitu nisichokihesabu?

Nikakata uzi. Nikavuta kifuniko. Jua la saa sita likaingia.

Ndani hamkuwa na pesa. Hamkuwa na Editha pia. Palikuwa na karatasi laini ya kijivu isiyo na kitu. Nikaigeuza, nikairudisha. Nikamaliza muhogo. Kisha, Mungu anisamehe, nikakifungua mara ya pili ili kuhakikisha!

Jioni nilimpigia Frenki, nikamtania kwamba mzee alikuwa amefungia karatasi tupu. Akaniuliza:

"Mama, uliifungulia wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje juani, ningefungulia wapi, kanisani?"

Akashusha pumzi. "Haikuwa tupu, mama. Filamu isiyosafishwa huwezi kuiona picha yake kwa macho. Alikuwemo. Alikuwemo mpaka ulipofungua."

Mzigo ulipomfikia aliisafisha hivyohivyo kwa kunihurumia. Akanitumia matokeo kwenye simu: nyeusi tii, kutoka kona hadi kona.

Hapo ndipo ningekwenda Matogoro nikapiga magoti. Ningesema mama, nimekosa. Lakini mimi ni mtu wa sokoni, na mtu wa sokoni bidhaa ikiharibika hutafuta inayofanana. Mama Editha alipiga simu mara tatu. "Mwanangu, vipi Editha?" Nami najibu, "Yuko njiani, mama." Yuko njiani! Utadhani nimempakia kwenye basi.

Nikaenda kwa jirani yangu Osmundi mwenye steshenari. Nikamwomba achukue picha ya msichana, aifanye nyeusi na nyeupe, aichakaze, amvalishe gauni la kizamani. Akauliza, msichana yupi? Nikampa picha ya Jeska wangu. Kwa nini Jeska? Kwa sababu umri ulikuwa uleule. Kwa sababu picha ilikuwemo kwenye simu. Na kwa sababu, wasomaji, ilikuwa ya bure.

Osmundi aliniangalia. "Mama Jeska, picha ya mtu aliye hai unaipeleka msibani?" Nikamwambia afanye kazi, mahubiri yapo Jumapili.

Mama Editha aliipokea barazani palepale binti yake alipopigwa picha. Alinawa mikono kwanza. Akaivaa miwani yake iliyofungwa kwa waya. Alitazama muda mrefu hadi jasho likanitoka, ingawa Matogoro kuna baridi. Kisha akaipapasa kwa kidole gumba.

"Ndiye," alisema. "Kumbe alikuwa mzuri hivi."

Akaitundika ukutani. Akaizungushia maua ya plastiki. Akawasha mshumaa, akaanza kuwaombea marehemu. Nami nikasimama nyuma yake, nikimtazama mtoto wangu niliyemzaa akiombewa pumziko la milele... na mdomo wangu mwenyewe ukaitikia amina!

Tangu siku hiyo sina amani. Kila nikisikia kengele ya kanisa najua Matogoro mshumaa unawaka kwa ajili ya Jeska. Mwezi uleule Jeska akapata malaria. Ndiyo, mtu wa Songea kupata malaria si muujiza. Nilijisemea hivyo mara mbili. Lakini mchana mmoja homa ikiwa juu aliniambia, "Mama, kuna mtu ananiita. Ananiita mimi, ila jina si langu."

Nilitoka nje nikalia kilio ambacho sikukipanga.

Jeska akapona. Nikadhani nimesamehewa. Kumbe! Wiki iliyopita Mama Editha alishuka mjini kwa bodaboda, na kikapu cha parachichi, kunishukuru. Sikuwa na taarifa. Jeska alikuwa amekaa kibandani ananisaidia kupanga vyombo.

"Shikamoo, bibi," Jeska akasema, akainua uso.

Kikapu kilishuka chini chenyewe. Mama Editha hakuitikia marahaba. Alimsogelea, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza upande huu na upande huu kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Jeska, bibi."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akavua rozari yake shingoni, akamvisha. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, sikumbuki nililiweka wapi. Aliponigeukia hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniua. Alifungua pindo la khanga akatoa elfu kumi, akasema ni ya kusafishia picha, haifai fundi akose haki yake. Nikaipokea! Mkono ulikwenda wenyewe, umezoea.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna misa ya Editha," akaniambia. "Ndugu wa Mpitimbi watakuja, wale wakubwa waliomjua. Picha nitaiweka mbele ya kanisa. Njoo na huyu, Mama Jeska. Nataka akae kando yangu."

Akapanda bodaboda akaondoka.

Je, amejua, na ananipa nafasi ya kusema mwenyewe? Au anaamini kwamba binti yake amerudi kwa sura ya wangu? Nimepima pande zote mbili, na kila upande una mama anayelia.

Wenzangu, hasa ninyi mnaofuata vitu vya marehemu kama mimi: si kila kilichofungwa kina matofali. Kuna kitu mtu anakufungia kwa sababu ndicho pekee alicho nacho. Ukiambiwa usifungue, usifungue! Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, uongo usije ukakaa na mtoto wako meza moja.

Ile elfu kumi ipo kwenye kopo la majani ya chai. Rozari Jeska hataki kuivua, na bado hajui kwa nini alipewa. Zimebaki siku tisa. Nikimwambia mama yule ukweli, namfuta binti yake kwa mara ya tatu. Nikinyamaza, mwanangu atakaa mbele ya watu wote kando ya picha yake mwenyewe ya msiba. Nisaidieni kwa ushauri, tafadhali. Aliyewahi kumrudishia mtu kitu kisichorudishika, alianza kwa neno gani?