Mgeni wa Upande wa Wanawake

Mejumaa hakukumbuka kuikata ile sura. Ilikuwa pembeni mwa kolaji, ile picha moja iliyoungwa kwa picha nyingi za arusi, karibu na bega la bibi arusi: mwanamke wa makamo, kichwa wazi, anatabasamu.

"Huyu umemtoa picha gani?" Tom aliuliza.

"Sijui. Labda nilipitiwa."

Tom alikuwa mtu wa bara, karani wa ofisi moja kule Mbaraki, na kila alasiri alikuja mtaa wa Kuze kumfundisha Mejumaa kompyuta mpya ya studio ya Abdulghafur, tajiri wake Mejumaa. Alimfundisha kuizunguka sura kwa kipanya, kuitoa kwenye picha yake na kuilaza juu ya nyingine, hata mshono usionekane. Mwaka huo wa tisini na saba mtaa mzima haukuwa na mtambo kama ule, na kichwa kilimvimba Mejumaa.

Hicho ndicho kilichomponza. Mejumaa ndiye mwanamke aliyekuwa akipiga picha za arusi upande wa wanawake, wanapovua mabuibui wakacheza ngoma ya vugo kwa kugonga pembe, pasipo mwanamume kukanyaga. Picha hizo alizisafisha mwenyewe, mlango umefungwa, akazipeleka kwa wenyewe mkononi. Wanawake wa Mji wa Kale walimpa kazi kwa uaminifu huo tu. Lakini Tom alitaka picha zenye watu wengi za kujifunzia, na yeye, kwa hamu ya kusifiwa, akaleta za arusi ya Thureya, rafiki yake tangu chuo cha Kurani. Tom akazisifu mno. Mejumaa akacheka, kisha akaona haya, kisha akaendelea kukata.

Ile sura aliifuta. Kesho yake walipowasha kompyuta ilikuwa imerudi, na imesogea katikati. Chumba kilinuka asumini na mrehani wa vikuba vya kujipamba wanawake, vilivyoanza kuoza, na humo ndani hapakuwa na ua hata moja. Akaifuta tena, na chini ya mngurumo wa ule mtambo zikaanza kusikika pembe za vugo, mbali, kama arusi ya mtaa wa pili, na kila alipobonyeza zikasogea, zikafika uchochoroni, zikafika mlangoni, mpaka akaona kwamba wanawake wote wa kwenye kolaji, shangazi na majirani na Thureya mwenyewe na hina zake, walikuwa wakigeuka mmoja mmoja, wamebaki visogo tu, isipokuwa yule asiyejulikana, ambaye sasa hakutabasamu, na macho yake yalikuwa yamemkazia Tom.

"Ananiangalia mimi," Tom alinong'ona. Aliondoka bila kuaga, na Kuze hakurudi tena.

Mejumaa akaenda kwa Maalim Faraj, mganga wa Kurani, naye akamwandikia kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, akamnywesha. Mwili ukamtetemeka, na sauti isiyo yake ikatoka kinywani mwake, taratibu.

"Nilialikwa na wanawake. Nikacheza nao kichwa wazi. Mbona mwanamume ameonyeshwa sura yangu?"

Maalim aliinamisha macho. "Mwanangu, kombe halitamtoa huyu. Nenda kwa mwenye arusi, umwambie ulilotenda kwa ulimi wako. Akikuwia radhi, yuwaondoka."

Thureya alimpokea kwa kahawa na kaimati. Mejumaa alikaa ukingoni mwa mkeka, uso umemwiva. Akisema kweli, hakuna nyumba ya Mji wa Kale itakayomfungulia mlango tena.

"Mbona kimya hivyo, dadangu?" Thureya aliuliza. "Kuna nini?"

"Picha zako... baadhi zimeharibika. Maji yameziingia. Niwie radhi."

"Ndilo hilo tu? Nimekuwia radhi. Bora ni wewe uliyezishika, si mtu mwingine."

Mejumaa alitoka akijichukia. Lakini kompyuta ilitulia, harufu ikaondoka, na kazi za arusi zikaendelea kumjia. Akajiambia yamekwisha.

Mwezi wa Rajabu alihitaji picha za kitambulisho. Akajifunga ushungi hadi chini ya kidevu, buibui juu yake, akaenda kwa mpiga picha mmoja karibu na Marikiti, jina lake Charo. Aliporudi kuzichukua, Charo alimpa bahasha huku akitazama sakafu.

Mejumaa akaifungua. Alikuwa peke yake pichani, nywele zimemwagika mabegani, shingo wazi, anacheka.

"Dada, mimi nilikupiga na buibui lako, naapa," Charo alisema kwa sauti ya chini. "Na ile kubwa kama hiyo, iliyoko dirishani, sijui aliyeitundika. Tangu asubuhi naiondoa, nayo yarudi."

Nje, wapagazi walikuwa wametua mizigo yao, wamesimama kuitazama ile picha ya dirishani.