Tatu za Haraka, Mbili za Polepole

"Nijibu kitu kimoja tu. Yule mwenye gari jeupe alikuja kwenu kuposa, au hakuja kuposa?"

Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, simu sikioni, suruali ya mteja iko nusu chini ya sindano, mguu umeganda kwenye pedali.

"Chiriku, nisikilize kwanza..."

"Ndiyo au hapana?"

"Alikuja, lakini..."

"Kuposa?"

"Ndiyo. Lakini siyo hivyo unavyo..."

"Basi. Nimesikia."

"Siwezi kukueleza leo! Ngoja kaka yangu afike Jumapili, nitakueleza yote."

"Kaka afike ndiyo mkamilishe, siyo? Hongera sana, Kelele."

Akakata. Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, mara ujumbe ukaingia:

*"Lori la mashamba makubwa linapita njia panda asubuhi hii kuchukua madereva wa trekta. Mkataba ni miaka miwili. Nilikuwa nimewakatalia kwa ajili yako. Sasa nimewakubalia. Nakutakia maisha mema. Usinitafute."*

Nikaandika mbio mbio: *"Ukipanda hilo lori nakuua."* Haukufika. Alishazima simu.

Jamani, naomba niwaambie ukweli ambao yeye sikuweza kumwambia. Yule mwenye gari jeupe, mstaafu mmoja mpole mwenye kipara kinachong'aa, alikuja kuposa kweli. Ila hakuja kuniposa mimi. Alikuja kumposa mama yangu!

Mama yangu mjane, mwenye mvi zake na miwani yake, alipewa maua nikiwa naangalia kwa macho yangu mawili. Akaona haya kama msichana. Mgeni alipoondoka tu, akanishika mkono.

"Ukifungua mdomo kabla sijamweleza kaka yako mwenyewe, mimi na wewe basi."

"Hata Chiriku nisimwambie?"

"Hasa huyo! Yule mdomo wake hauna mlango. Ukimwambia asubuhi, mchana wanajua hadi ng'ombe."

Nikaapa. Na mama yangu ukimwapia, umeapa.

Niliacha suruali ya watu pale pale, nikatoka mbio kushika njia ya bondeni.

Mimi na Chiriku tumekua mashamba yakipakana. Kwetu ni bonde la mpunga, na mpunga ukianza kukomaa adui ni ndege. Kila shamba lina dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu, na kila dungu lina debe. Kundi likiinuka shamba la kwanza, mwenye shamba anapiga debe. Wa pili akisikia anapiga lake, wa tatu naye hivyo hivyo, mpaka mwisho wa bonde. Ndege hawapati pa kutua. Ndivyo tulivyovuna miaka yote, hata majirani waliokuwa hawasalimiani.

Tulipokuwa wadogo kazi hiyo ilikuwa yetu. Yeye kwenye dungu lao, mimi kwenye letu, mpaka katikati. Alikuwa anaongea peke yake toka asubuhi mpaka jioni, ndiyo akaitwa Chiriku. Mimi debe langu lilikuwa linaamsha watoto wachanga, ndiyo nikaitwa Kelele. Tukajitungia siri yetu. Tatu za haraka na mbili za polepole maana yake "njoo, niko peke yangu". Mwenzako anageuza: mbili za polepole, tatu za haraka. "Nakuja." Tukikutana mpakani tunagawana mapera ya wizi, tunalala chali, ndege wanakula mpunga wa wazazi wetu kwa raha zao.

Mwaka jana aliingia dukani kwangu na suruali iliyochanika magoti. Sikuwa nimemwona miaka. Hakunisalimia. Aligonga kidole kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa: tatu, halafu mbili. Nikajikuta nalia na kucheka kwa pamoja, mkasi uko mkononi. Tangu siku ile sikutaka mwanaume mwingine.

Na huyu ndiye aende miaka miwili kwa sababu ya posa ya mama yangu? Thubutu!

Nilimkuta mama yake anafagia uwanja.

"Shikamoo mama. Chiriku yuko wapi?"

"Marahaba." Akaendelea kufagia. "Unamtafutia nini? Si una wako wa gari?"

"Mama, nakuomba. Yuko wapi?"

Akaniangalia. Nadhani aliuona uso wangu, maana ufagio ulisimama.

"Katoka na begi zamani. Alisema anapita shamba la juu kumuaga mjomba wake. Kama hajafika njia panda, yupo huko. Lakini mwanangu, huko kwa miguu humuwahi."

Shamba la juu ni ng'ambo ya bonde zima. Simu imezimwa. Nikatazama huku na huku, nikaliona dungu letu limesimama pale pale, na debe linaning'inia kwenye kamba yake. Nikakimbia, nikapanda ngazi na gauni langu la kazini, likachanika ubavuni, sikujali. Nikashika rungu.

Tatu za haraka. Mbili za polepole.

Kimya.

Nikarudia. Nikarudia tena kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Mikono inauma, machozi yanatiririka, debe linalia bonde zima, na Chiriku hajibu.

"We Kelele!" Ilikuwa sauti ya Mama Pacha, jirani yetu wa upande wa kisimani, yuko juu ya dungu lake, mkono kwenye kipaji cha uso. "Ndege wako wapi? Mbona sioni ndege?"

"Hakuna ndege, mama!"

"Sasa unapiga nini?"

"Namwita Chiriku! Anapanda lori! Anadhani naolewa!"

"Kwani huolewi?"

"Siolewi! Namtaka yeye!"

Nilipiga ukelele huo mbele ya bonde zima, na wala sikuona haya. Mama Pacha akatega sikio.

"Hebu rudia hiyo midundo."

Nikarudia.

"Alaa! Ile tatu-mbili yenu!"

Rungu nusura linidondoke. "Mnaijua?"

"Mtoto wewe! Miaka yote ile mlidhani tuna pamba masikioni? Mkipiga tatu-mbili mimi nabandika maji ya chai, najua mtapita hapa na njaa zenu. Halafu namtuma mtu akalinde mpunga wa wazazi wenu. Mlidhani ndege walikuwa wanashiba kwa adabu?"

Siri yetu ya utotoni, tuliyoilinda hata tulipochapwa fimbo, ilikuwa ya kijiji kizima.

"Hapo Chiriku hakusikii, yuko mbali," Mama Pacha akasema, akalivuta debe lake. "Ngoja tumpelekee."

Tatu za haraka. Mbili za polepole.

Shamba la pili likapokea. Nikasikia mtu akicheka huku akipiga. La tatu likapokea. Wake kwa waume wakasimama juu ya madungu yao na madebe, masufuria, mmoja ana beseni. Sauti ikavuka mfereji, ikapanda shamba la juu, ikashuka upande wa pili ikielekea njia panda, inazidi kuwa ndogo, ndogo, mpaka ikafika kwa Mzee Taratibu ambaye shamba lake ndilo la mwisho kabla ya barabara. Debe lake lilipolia, nilitambua. Mzee yule hajawahi kufanya haraka tangu azaliwe. Hata tatu zake za haraka ulikuwa unaweza kunywa maji katikati.

Halafu bonde likanyamaza.

"Amejibu?" Mama Pacha akauliza.

"Bado."

Kwa mbali sana tukasikia honi ya lori. Likaunguruma, likaondoka. Nikakaa kwenye mbao.

Hapo ndipo debe la Mzee Taratibu likalia tena. Mbili za polepole.

Tatu za haraka. Haraka kweli kweli, pa-pa-pa!

"Huyo siyo Mzee Taratibu!" Mama Pacha akaruka mpaka dungu likayumba. "Mzee hawezi kupiga hivyo hata akifukuzwa na nyuki! Ni Chiriku! Ni Chiriku huyo!"

Vigelegele vikarudi shamba kwa shamba, na jibu likaja likipokelewa mkono kwa mkono mpaka kwetu: nakuja, nakuja, nakuja.

Alikuja na baiskeli ya Mzee Taratibu, anaendesha amesimama, jasho linamtoka. Mzee mwenyewe amekaa nyuma kwenye kariya, begi la Chiriku kichwani.

"Nilimwambia achukue baiskeli atangulie," mzee akajieleza huku akishuka, mguu mmoja kwanza, wa pili baadaye. "Nikakumbuka ya mwisho niliyoazimisha haikurudi."

Chiriku akasimama chini ya dungu, anahema. Mimi juu. Majirani wamejaa kwenye matuta.

"Umeniita," akasema.

"Umekuja."

"Nimekuja kukuambia kwamba nimekasirika."

"Yaani umeendesha baiskeli umbali wote huo, umempakia na mzee wa watu, uje kukasirika?"

"Ndiyo! Eleza. Posa ile ni nini?"

"Nimeapa, siwezi kueleza. Ila posa ile haikuwa yangu."

"Haikuwa yako, sasa ya nani? Kwenu mko wanawake wawili tu, wewe na..."

Nikamwona anawaza. Mdomo ukafunguka taratibu.

"Wewe na... Eeh! Mama yako?!"

Mdomo usio na mlango! Bonde zima likashtuka, "Haa!"

"Mimi sijasema!" nikapiga kelele. "Mashahidi ni nyinyi nyote! Mimi sijasema kitu!"

"Nani ananitaja huko?"

Mama alikuwa anakuja kwenye njia ya tuta, kanga kiunoni, miwani imeteremka puani. Watu wakampisha. Nikashuka ngazi.

"Mama, haki ya Mungu sijamwambia. Kabahatisha mwenyewe."

"Najua. Nimesikia kila kitu, kwani hayo madebe yana siri?" Akarekebisha miwani. "Kaka yako nimempigia alfajiri, nimechoka kungoja Jumapili. Kacheka mpaka kakata simu, halafu kapiga tena kanibariki. Nakuja dukani kukuambia, nakuta cherehani na suruali."

Sikujua nimkumbatie au nimkasirikie. Nikamkumbatia.

Chiriku alikuwa amejiinamia, anachora chini kwa kidole cha mguu. Yule yule wa miaka tisa.

"Kelele, nisamehe. Nilisikia gari jeupe, nikachanganyikiwa. Nilitakiwa kungoja."

"Ulitakiwa, ndiyo."

"Nilishapanda lori. Nimesikia debe, nikamwambia dereva simama. Akauliza umesahau nini? Nikamwambia mke."

Nilimpiga kofi dogo la bega, kisha nikauficha uso wangu pale pale begani. Majirani wakageuka pembeni kwa heshima, isipokuwa Mama Pacha.

Chiriku akajikohoza, akamgeukia mama.

"Shikamoo mama. Na mimi nina posa."

"Marahaba. Panga foleni," mama akasema. "Anayetangulia kuolewa hapa ni mimi."

Na kweli alitangulia. Sisi tulifuata baada ya mavuno, ukumbi ule ule, viti vile vile, majirani wale wale. Mfungishaji ndoa alipomuuliza bwana harusi kama amekubali kunioa, Chiriku, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikauka koo. Macho yamejaa machozi, mdomo unachezacheza, sauti haitoki. Akainua mkono akagonga meza: mbili za polepole, tatu za haraka.

"Sijaelewa," mfungishaji akasema. "Jibu kwa mdomo, bwana harusi."

Ukumbi mzima ukamjibia kwa sauti moja:

"Anasema anakuja!"