Sindano Yuko Darasa la Nne

Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana ya mke wa mwanangu. Yeye ni fundi cherehani. Mna mashine mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme. Mna meza ndefu ya kukatia vitambaa, pasi nzito, na kopo la vifungo ambalo mimi hulipanga kila Jumamosi, vyeupe mbali na vyeusi mbali. Futi ya kupimia huwa shingoni mwake tangu asubuhi. Siku moja alikwenda nayo harusini. Akacheza nayo ukumbi mzima, na hakuna aliyemwambia, maana wote walimzoea hivyo.

Mimi ni mama wa mume wake, naishi nao. Kazi yangu ni kushona vifungo, kukunja pindo, na kumpokea mjukuu wangu akirudi shule. Mjukuu huyu tunamwita Sindano. Ni mwembamba, ni mwepesi, na swali lake huchoma. Ana miaka tisa na nusu. Ukiisahau ile nusu, ataitaja mwenyewe.

Nikisema mama yake ni fundi, nina maana fundi kweli. Gauni lake unaweza kuligeuza ndani nje ukatoka nalo, na mtu asijue. Kabla ya kupitisha mashine, yeye hupiga bandi. Yaani hushikiza kitambaa kwa mkono, kwa uzi wa muda, ili aone kama nguo itakaa. Wakati huo kuna pini, kuna chaki, kuna alama za kila namna. Lakini mteja akija hakuti hata moja. Uzi wa bandi umechomolewa, chaki imepanguswa, vipande vimefagiliwa.

"Mteja haonyeshwi bandi," humwambia kila anayejifunza kazi kwake. Sindano ameyasikia maneno hayo tangu alipokuwa akitambaa chini ya meza ile.

Darasa la kwanza, la pili na la tatu, Sindano hakutupa shida. Madaftari yake yalikuwa safi kama shuka mpya. Alama zilikuwa nzuri. Baba yake, ambaye ni fundi rangi, alizibandika ukutani, na akasema huo ndio ukuta pekee asiothubutu kuupaka rangi.

Darasa la nne mambo yakageuka. Jaribio la kwanza la hisabati alileta sita kati ya ishirini. La kusoma na kujibu maswali, nane. Na kwenye daftari, karibu kila ukurasa, mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Njia iko wapi?"

Mama yake alikaa na daftari lile mkononi mpaka pasi ikapoa. Aliona kama mtoto anatuhumiwa kunakili. Akamuuliza kama huwa anachungulia kwa jirani. Sindano akasema hapana. Hakulia. Aliuma ukosi wa shati lake tu, akatazama chini.

Yalikuwepo na mengine. Zamani akirudi shule alinimwagia habari zote, nani kaanguka, nani kala chaki. Sasa nikimuuliza siku ilikuwaje, ananijibu, "Kawaida." Sweta alilisahau shuleni mara mbili. Na asubuhi hakutaka tena nimshike mkono. Alitaka kwenda na rafiki yake, mtoto wa mwoka mikate, na mimi nibaki nyuma, tena nyuma sana.

Mke wa mwanangu alijumlisha hayo yote, akapata jibu lake. Alituambia tukiwa tunakula. Alisema huyu mtoto tulimharakisha, bado mdogo. Alhamisi atakwenda kumwomba mwalimu amrudishe darasa la tatu.

Sindano aliweka kijiko chini.

"Mtoto wa mwoka mikate naye atarudi?"

"Yeye atabaki," mama yake akamjibu.

"Sasa yeye atakaa na nani?"

Hakuuliza yeye mwenyewe atakaa na nani. Nilimtazama mtoto yule, nikaona kuwa amekua, na hakuna aliyekuwa amempima. Chakula chake alikiacha vilevile.

Alhamisi mama yake aliniomba nifuatane naye. "Twende wote, Mama," aliniambia. "Mimi nikishikwa na hasira nasahau nilichofuata." Basi tukaenda watatu, masomo yalipokwisha.

Mwalimu wa darasa la nne ni mama wa makamo. Watoto humwita Mwalimu Miwani, kwa kuwa ana miwani mbili. Moja huwa puani, nyingine huwa juu ya kichwa, na mara nyingi anatafuta ya tatu. Darasa lake nililipenda tangu mlangoni. Dirishani kulikuwa na vikopo vya maharage yaliyooteshwa kwenye pamba. Kila kikopo kilikuwa na karatasi, na kwenye karatasi mtoto ameandika urefu wa mche, siku kwa siku. Mmoja alikuwa ameandika, "Leo haukukua. Labda umechoka."

Mke wa mwanangu alisema ombi lake lote bila kupumzika. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Alimwita Sindano, akampa karatasi na hesabu moja: masanduku ishirini na sita, kila sanduku lina kalamu arobaini na saba. Kalamu zote ni ngapi?

Sindano aliketi. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, ile ya kahawia ya mama yake. Akakiweka mapajani, chini ya dawati. Akaandika huko kwa muda. Halafu kwenye karatasi ya mwalimu akaandika jibu moja tu, kwa mwandiko wa kupendeza: 1122. Kile kipande akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Hicho ulichoweka mfukoni ni nini?" Mwalimu akamuuliza.

"Uchafu, Mwalimu."

"Naomba niuone huo uchafu."

Sindano alimtazama mama yake kwanza. "Mama anasema mteja haonyeshwi bandi."

Mke wa mwanangu alishika futi yake kwa mikono miwili.

Mwalimu alikinyoosha kile kipande juu ya meza, akabadilisha miwani, akatuita tusogee. Yote yalikuwamo. Alizidisha arobaini na saba kwa ishirini, akapata 940. Akazidisha arobaini na saba kwa sita, akapata 282. Zote mbili sahihi. Kisha akajumlisha. Nne na nane ni kumi na mbili, akaandika mbili, na ile moja ya kubeba ikamponyoka. Jibu lilitakiwa liwe 1222.

"Nikiona jibu peke yake nampa sifuri," Mwalimu alisema. "Nikiona hii, najua ana kila kitu isipokuwa moja ya kubeba. Hiyo tunaitengeneza leo leo. Mama Sindano, nikuulize. Anayejifunza kwako akikuletea gauni limekaa vibaya, na ameshachomoa bandi zote na kufuta chaki, utajuaje alipokosea?"

Mke wa mwanangu alifikiri. Ni mtu wa haki hata pale haki inapomgeukia.

"Sitajua," akasema. "Nitabaki kumgombeza tu."

"Ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi kwa wino mwekundu. Na mtoto alidhani namwambia afute zaidi. Mimi si mteja wake. Mimi ndiye ninayekaa naye mezani wakati anashona. Nionyesheni bandi."

Baada ya hapo alitueleza mengi, na alieleza vizuri sana, bila kutufanya tujione wajinga. Alisema miaka mitatu ya kwanza mtoto anajifunza kusoma. Kuanzia darasa la nne, anasoma ili ajifunze. Habari zinakuwa ndefu. Hataulizwa tu nani alifanya nini, ataulizwa kwa nini, na amejuaje. Ataandika aya nzima kwa maneno yake mwenyewe. Kwenye hisabati kuna kuzidisha namba kubwa, kugawanya na kubakiza, na sehemu kama nusu na robo. Kuna kazi za wiki nzima, kama ile ya maharage, ambazo mtoto lazima ajipangie. Ndiyo maana alama za watoto wengi huyumba mwanzoni. Wengine mwezi, wengine miezi miwili. Kuyumba huko peke yake si sababu ya kumrudisha nyuma.

Nikamuuliza habari ya rafiki na ya kuachwa nyuma njiani. Mwalimu akacheka. Alisema umri huu rafiki anakuwa mtu mkubwa, na mtoto anataka kufanya mambo mwenyewe, ingawa bado anasahau sweta. "Usimuulize siku ilikuwaje, Bibi. Muulize jambo moja. Muulize leo mche umekua kiasi gani. Atakuambia na mengine."

Kisha akauliza nani humsaidia kusoma nyumbani. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi. Kila jioni namsomea kitabu chake, tena nabadilisha sauti, simba ana yake na sungura ana yake.

Mwalimu aliniangalia kwa upole. Akasema ananisifu kwa kumfanya apende vitabu, na kwamba hata sasa si vibaya kumsomea hadithi ya kujifurahisha. Ila kitabu cha shule, sasa yeye ndiye anisomee mimi, dakika ishirini tu. Na mimi nimuulize. Nilikuwa namtafunia, kumbe meno yameshaota.

Mwisho mke wa mwanangu alirudia ombi lake, safari hii kwa sauti ndogo. Mwalimu alisema tumpe mtoto wiki sita, mpaka mwisho wa muhula. Tukiona hakuna kilichobadilika, tutakaa tena tuamue pamoja. Na tusingoje hadi wiki ya sita kama kuna jambo. Tuje, au tumtumie kijikaratasi.

Jioni ile mke wa mwanangu alisafisha kona moja ya meza ya kukatia. Akasema hapo ni pa Sindano, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili, na hata mteja wa haraka hapagusi. Simu zote zikawekwa kwenye kikapu cha vitambaa. Karatasi za mfukoni zikakoma, kila hatua ikaandikwa kwenye daftari.

Sitasema ilikuwa rahisi. Mama yule alikuwa akipita nyuma ya mtoto, anaona namba imekosewa, na mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kifutio. Akawa anaukalia. Kweli kabisa, alikuwa anaketi juu ya mkono wake. Badala ya kusema "hapo umekosea," alijifunza kuuliza, "Hapo umefikaje?" Mara nyingi Sindano akianza kueleza, anasimama katikati na kusema, "Aa, nimeona." Mara nyingine haoni, na mama naye haoni, maana shule aliiacha zamani. Hapo wanaweka alama ya swali pembeni, na kesho mtoto anamuuliza mwalimu.

Baba yake alifundisha nusu na robo kwa makopo ya rangi. Alirudi na rangi kwenye nyusi, akauliza robo ya kopo na nusu ya kopo zikikutana zinakuwa nini. Sindano akasema robo tatu. Baba akasema yeye angesema ni sebule iliyobaki ukuta mmoja.

Mimi nilikuwa nasomewa. Mwanzoni alisoma mbio kama anakimbia mvua. Nikimuuliza kisa kinahusu nini, hajui. Wiki ya tatu akaanza kusimama mwenyewe. Siku moja alisoma habari ya mto unaokauka, akafunga kitabu na kidole ndani. Akasema, "Bibi, kitabu hakisemi watu walikosea. Lakini walikata miti yote, halafu maji yakaisha. Nadhani kinataka mimi niseme." Niliacha kifungo nilichokuwa nakishona. Mimi nilisoma shule ya msingi mpaka mwisho, na sikumbuki kama niliwahi kukikamata kitabu namna ile.

Mwisho wa muhula shule iliita wazazi. Mwalimu Miwani ana utaratibu wake: alama hasomi yeye. Kila mtoto anasimama na daftari lake na kuwaeleza watu wake kazi moja. Sindano alichagua kugawanya, 854 kwa 7. Akaandika ubaoni na kueleza kwa sauti. Katikati akakosea kutoa. Nikamwona ameganda. Mtoto wa mwoka mikate alikuwa akimtazama, wazazi wanamtazama. Kifutio cha ubao kilikuwa karibu na mkono wake.

Hakukigusa. Alipiga mstari mmoja juu ya namba iliyokosewa, akasema, "Hapa nimetoa vibaya, narudia," akaendelea mpaka akapata 122. Mama yake, mtu asiyevumilia uzi mmoja unaoning'inia, aliukalia mkono wake, macho yamejaa maji.

Kisha Mwalimu alitupa karatasi ya matokeo. Hisabati kumi na nne, kusoma kumi na sita. Akamuuliza mke wa mwanangu kama bado ana lile ombi.

"Ninalo lingine," akasema. "Nataka orodha ya vitabu vya darasa la tano."

Mwalimu alimwambia bado mapema, imebaki mihula miwili. Mke wa mwanangu akajibu kwamba anajua, lakini yeye ni fundi, na fundi hununua kitambaa kabla mteja hajaja kupimwa.