Usiiwashe Tupu

Leo nisalimieni kwa mdomo tu. Mkono utakaa ndani ya leso, na nikimaliza nitawaambia kwa nini. Janefer, vuta kiti ukae karibu na moto. Hawa wengine wote ni Wakipsigis kama mimi, wanajua nusu ya haya mambo. Wewe wa Kisii hujui hata nusu, kwa hivyo nitakuwa nakueleza. Chai iko. Kunyweni, lakini msinikatize.

Ile jioni nilikuwa napeleka maziwa tu.

Wakati huo sikuwa nakaa hapa Roret. Nilikuwa Mogogosiek, ng'ambo ya mto kutoka kwa nyumba za kampuni ya chai. Ndugu yangu Kipkirui alikuwa fundi wa stima kiwandani. Ilikuwa mwaka wa mvua ya El Nino, mnaikumbuka, mvua iliyotupiga mpaka barabara ikawa uji. Mke wake Cheptoo alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, kijana, baada ya kungoja hadi watu wakaanza kusema vibaya. Nikabeba maziwa kwa jerikeni ndogo nikapita katikati ya majani chai. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Sikuona mtu njiani. Nilisikia tu mashine za kiwanda zikinguruma kwa mbali.

Wamama wa ukoo walikuwa wamejaa kwa nyumba. Na Kipkirui, badala ya kuwaonyesha mtoto, alikuwa anawaonyesha maikrowevu.

Wee, huyo ndugu yangu! Alikuwa amepewa hiyo kitu bure na mke wa meneja, mzungu, tulikuwa tunamwita Madam. Madam alikuwa amerudi kwao Ulaya ghafla, hata mapazia hakutoa. Kipkirui aliitunza hiyo mashine kuliko alivyojitunza mwenyewe.

"Chuma hapana," aliwaambia hao wazee wa watu. "Sufuria hapana, kijiko hapana, hata kikombe chenye mstari wa dhahabu hapana, itatoa cheche. Yai zima hapana, litalipuka. Chakula ufunike, lakini uache nafasi mvuke utoke. Ukimaliza upanguse ndani na kitambaa chenye maji, mafuta yasije yakashika moto. Mlango usiubamize. Maziwa ya mtoto uyatikise, kisha udondoshe hapa juu ya mkono usikie. Chupa inaweza kuwa baridi na maziwa ndani yanaunguza."

"Umemaliza, mwalimu?" nikamuuliza.

"Bado. Usiiwashe tupu. Hata siku moja."

"Kwani ikiwa tupu itakula nini?"

Wamama wakacheka. Yeye hakucheka. Alinivuta kando. "Madam alinishika mkono siku ya kuondoka," akaninong'oneza. "Hayo mengine yote alinifundisha mara moja. Hilo la mwisho alirudia na kurudia. Akiwa analia."

Ndiyo maana alikuwa anaacha glasi ya maji ndani yake wakati wote. Mtu akiiwasha kwa bahati mbaya, ipate kitu cha kupasha. Halafu waya anachomoa kutoka kwa ukuta. Mwenyewe nilimwona akiuchomoa, akauviringisha, akauweka juu. Kisha akatoka kwenda kufunika kuni, kwa sababu mvua ilikuwa inarudi.

Sasa Janefer, sikiliza. Kwetu mtoto akizaliwa hapewi jina la kuzaliwa peke yake. Huyu tulikuwa tumeshamwita Kipkorir, alitoka karibu na mapambazuko. Hilo ni la mwili. Lakini tunaamini kuna mtu wa ukoo, mmoja wa wale waliotangulia, anarudi na mtoto. Kwa hivyo wamama wanakaa na kutaja wafu, jina kwa jina. Yule aliyerudi akitajwa, mtoto anapiga chafya. Hapo vigelegele, mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, furaha! Wengine wanampaka mtoto tumbaku kidogo puani asaidike. Pasta anasema tuache. Lakini hata pasta mwenyewe alipiga chafya, muulizeni mama yake.

Na tunataja wafu tu. Mtu aliye hai hatajwi, maana ukimtaja umemweka kwa wafu. Shika hilo, Janefer.

Tukaanza. Tapsabei. Kimya. Tabutany. Kimya. Kobilo. Mtoto alikuwa macho, ametulia kwa mapaja ya Cheptoo, na hatuangalii sisi. Anaangalia mlango wa jikoni. Tukaenda upande wa wanaume. Hakuna. Tumbaku ikaletwa. Hakuna! Cheptoo akaanza kutoa jasho.

Halafu nikasikia.

Mmmmmmmm...

Nilidhani ni Kipkirui anapasha kitu. Nikageuka nimwambie azime hiyo kelele yake. Nikamwona dirishani. Alikuwa nje, na kuni mikononi.

Mmmmmmmm...

Ting!

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyekuwa ametaja jina. Tuliangaliana. Mmoja wa wamama akajaribu kucheka, akasema, "Basi huyu ni arap Maikrowevu, mwana wa mashine." Tukacheka naye, kicheko kidogo cha kujifariji, kikaisha.

Niliingia jikoni. Glasi ilikuwa kwa sinki, imekauka. Baadaye kogo mmoja, nyanya wa Cheptoo, alikubali kwamba alisikia kiu, akaitoa, akanywa maji. Basi mashine ilikuwa tupu. Waya ulikuwa juu, umeviringishwa vile Kipkirui aliuacha. Na ile sahani ya ndani ilikuwa bado inazunguka... polepole... ikasimama. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilijaa jikoni.

Kioo cha mlango kilikuwa kimejaa mvuke. Kwa huo mvuke, upande wa ndani, kulikuwa na alama ya mkono.

Mkono mdogo. Wa kichanga.

Niliipangusa na leso yangu. Haikutoka. Nilikuwa napangusa upande wa nje.

Tangu jioni hiyo yule mtoto akawa baridi. Ukimshika mkono, tumbo, mguu, ni kama umeshika jiwe la mtoni. Lakini akikupumulia shingoni unaruka, pumzi yake inachoma. Nje baridi, ndani moto. Zahanati walimpima wakasema ni mzima. Titi alilikataa. Kila jioni, jua likianza kuingia, anageuza uso anaangalia jikoni. Ngozi ikaanza kumlegea kwa mifupa. Cheptoo alikuwa anamfunika blanketi zote za nyumba huku akilia, na mimi nalia naye, tufanye nini kingine? Mtoto alikuwa anakwisha mbele ya macho yetu.

Kipkirui akaenda kumtafuta Marcella, mwanamke aliyekuwa amefanya kazi kwa Madam. Alimleta kwetu. Marcella alikataa kuingia ndani. Aliongea akiwa hapo kwa mlango, kwa sauti ya chini.

"Madam alipata mtoto, hakukaa," alisema. "Alikufa kabla hajapewa jina. Kila jioni Madam aliweka chupa ya maziwa kwa hiyo mashine, akaipasha, akaimwaga. Kisha akaacha kuweka chupa. Akawa anaiwasha tupu, amesimama hapo, anasema, njoo, hapa kuna joto. Njoo."

"Na akaja?" Cheptoo akauliza.

"Kitu kilikuja."

"Mtoto wake?"

Marcella aliangalia jikoni, akajifunga shuka vizuri. "Madam alisema ni mtoto wake. Lakini mama, kama alikuwa mtoto wake, mbona alimkimbia?"

Akaenda zake. Hata chai hakukubali.

Siku iliyofuata Kipkirui alikata waya wa hiyo mashine vipande vipande. Tukaibeba mimi na yeye, tukaizika kwa majani chai, chini kabisa karibu na mto. Tukawaita wamama tena. Tulisema tutaanza upya, tutafute mwenyewe halali wa huyu mtoto, na huyo mwingine atatoka. Lakini huyo mwingine tungemfukuza namna gani? Hana jina. Huwezi kumwambia toka mtu ambaye hujui anaitwa nani.

Tukataja wote. Tukarudia wote. Tukataja hata wale walevi na wezi wa ng'ombe ambao ukoo hautaki kuwakumbuka. Mtoto hakutikisika. Midomo yake ilikuwa imekuwa samawati, na mvuke unatoka hapo kama kwa birika. Ukungu nje ukaanza kuingia na giza.

Na kutoka huko chini, kwa majani chai...

Mmmmmmmm...

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Cheptoo alimwinua mtoto, uso kwa uso. Nilijua anachotaka kufanya. Nikaruka nimzibe mdomo. Nilichelewa.

"Cheptoo," akasema.

Chafya!

Na mtoto akalia, Janefer. Kilio cha kawaida, cha njaa. Nilimshika mguu, ulikuwa na joto. Akalishika titi akanyonya kama ndama. Wamama walipiga vigelegele huku machozi yanawatoka. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimemshika Cheptoo mkono.

Ulikuwa baridi kama maji ya mto.

Aliugua hadi mvua zilipoisha. Hospitalini waliandika nimonia. Mimi nilikaa naye mpaka mwisho na pumzi yake ya mwisho ilinichoma hapa shavuni, alama bado iko, mtaona nikigeuka kwa mwanga. Kabla ya hapo aliniambia neno moja tu. "Mpende." Basi.

Kipkirui aliacha kazi ya stima. Yuko Kipkelion kwa mjomba wetu, analima mahindi ya watu, na jioni hawashi hata taa. Mtoto aliniachia mimi. Mungu hakunipa wangu, mnajua, na huyu nilimchukua kwa mikono miwili. Nikahama, nikaja Roret, mbali na ule mto. Nyumba hii haina stima. Nilikataa stima. Mlinicheka kwa kanisa, mkasema mimi ni mshamba. Chekeni.

Na tukaishi vizuri. Huyo mtoto ameniita Senge, yaani shangazi, tangu mdomo ufunguke. Anafukuza kuku, anaimba nyimbo za Sunday school zimechanganyikana. Nilianza kusahau. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilianza kusahau, nikaanza kumpangia shule.

Jumapili iliyopita, jua likiingia, nilikuwa nakamua. Akaja akasimama karibu yangu.

"Senge, mtoto analia."

"Mtoto gani?"

Akaonyesha majani chai ya jirani, hapa nyuma. "Huyo. Ana baridi. Anataka kuingia."

Nilimshika mkono nimrudishe ndani. Nikauacha. Nikaushika tena, nikisema labda amechezea maji.

Jiwe la mtoni.

Akanipumulia. Moto!

Nilimbeba mbio, nikafunga mlango, nikapiga magoti. Niliomba, msidhani sikuomba. Niliomba mpaka sauti ikakauka na midomo yake ikazidi kuwa samawati. Halafu nikafanya yale ya zamani. Nilianza na Cheptoo. Nilisema sasa yeye ni wa upande wa huko, huyu ni mwanawe, ataitika. "Cheptoo," nikasema. "Cheptoo. Cheptoo, tafadhali."

Kimya.

Nikataja wengine wote, peke yangu, kwa hii nyumba. Kimya, kimya. Mtoto akalegea mikononi mwangu. Na nje, kwa majani chai ambayo hayajawahi kuona waya wa stima...

Mmmmmmmm...

Sikufikiria sana, mkitaka ukweli. Ningefikiria, ningeogopa. Nilimwinua uso kwa uso.

"Chepngeno," nikasema.

Jina langu.

Akapiga chafya, akafungua macho, akaniuliza kama kuna viazi.

Haya. Janefer, wewe uko karibu. Toa huu mkono ndani ya leso uushike. Usiuvute wako, shika tu. Umesikia? Sasa kuja karibu na mdomo wangu... Ndiyo. Nimekuwa hivi tangu Jumapili.

Huko nje watu wanangoja mwaka elfu mbili waone kama dunia itaisha. Mimi sidhani nitaufikia. Cheptoo alitununulia miaka miwili na kidogo. Mimi sijui nimenunua mingapi, lakini kijana bado ni mdogo, na kile kitu kimejua njia ya Roret. Sitawadanganya, ndiyo maana nimewaambia yote mpaka chai ikapoa.

Amelala hapo chumbani. Nguo zake nimefua, ziko kwa huo mfuko wa bluu. Anapenda viazi, haogopi ng'ombe, usiku anataka kushika sikio la mtu ndipo alale. Mashavu yake yana joto. Anahitaji tu mtu wa kumlea. Mtu ambaye siku ikifika atampenda kiasi cha kusema jina lake mwenyewe.

Nyote mna majina.

Mbona mnaangalia chini?