Kuku wa Limau wa Fundi Cheche

Fundi Cheche alipewa jina hilo kwa sababu ya cheche za moto. Zilikuwa zimetoboa mashati yake yote. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yake. Alitengeneza milango, madirisha na vitanda. Ukimpelekea geti lililokatika bawaba, jioni unalikuta limenyooka. Unapewa geti, na maneno mengi unaongezewa bure.

"Mimi moto naujua," alipenda kusema. "Chuma kikiiva naona kwa macho. Sihitaji kuambiwa na mtu."

Mkewe alikuwa mshonaji wa mashuka. Alizoea kumsikiliza huku mguu wake ukiendesha cherehani. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alikuwa amemaliza shule, naye alitaka kuwa mkunga. Hilo lilikuwa lake tangu utotoni. Paka wa nyumbani alipozaa, binti alikaa pembeni akimpepea kwa daftari na kumpa pole.

Mwaka huo aliomba nafasi katika chuo cha wakunga. Chuo kikamwita kwenye usaili. Usaili ulikuwa wa asubuhi moja tu. Asiyefika, basi mpaka mwaka unaofuata.

Cheche alifurahi mpaka akaanza kuimba ovyo kibandani. Siku chache kabla ya usaili alimwita binti yake.

"Mwanangu, jioni ya kuamkia usaili nataka ule chakula unachokipenda. Sema."

Binti hakufikiri sana. "Kuku wa limau. Kama yule wa mgahawani."

Walikuwa wamekula hapo mara moja, zamani. Ngozi ya kuku yule ilikuwa kavu na nyama laini. Alinukia limau, kitunguu saumu na majani ya viungo. Binti alilamba vidole hadharani, akiwa na gauni lake zuri, na Cheche hakusahau.

"Basi twende huko huko," alisema mkewe.

"Ya nini? Nitapika mwenyewe."

Mkewe alicheka. "Wewe? Chai yenyewe unaiunguza."

"Kuku ni moto tu, mke wangu. Na moto naujua."

"Haya, basi muulize jirani. Si ndiye anayempika?"

Kweli, jirani yao alikuwa mpishi wa mgahawa ule ule. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Cheche alitikisa kichwa. "Mwanamume mzima niende kuuliza kuku anapikwaje? Nitachekwa mtaa mzima."

Maneno hayo aliyasema kwa kutania. Baadaye aliyakumbuka kila alipouangalia ukuta ule.

Kuku aliyechinjwa aliletwa siku moja mapema. Cheche alimwosha sinkini kwa maji ya nguvu, na maji yakarukia sahani safi zilizokuwa pembeni. Akamkata vipande. Akakamua malimau bakuli zima, akatia kitunguu saumu kilichopondwa na majani ya viungo, kisha akavizamisha vipande humo. Bakuli akaliacha mezani, karibu na dirisha, mpaka kesho yake jioni.

"Usimwache hapo," alisema mkewe. "Mtie kwenye friji."

"Limau linaua kila kitu. Mimi bawaba zenye kutu nazitoa kutu kwa limau. Kitu kinachokula kutu kitashindwa na vijidudu?"

Mkewe alirudi kwenye cherehani. Si kwamba alikubali. Mashuka ya watu yalikuwa yanamsubiri.

Kesho yake jioni Cheche aliwasha jiko la mkaa. Alilipepea mpaka mkaa ukawaka mwekundu, kama anataka kukunja nondo. Akaweka vipande juu ya wavu. Kuku alichachatika na kugeuka rangi mara moja. Kingo zikawa nyeusi. Cheche alimtazama kwa jicho la kazi.

"Ameiva," alisema.

Kisha akakumbuka kwamba mgahawani kuku alikuwa na mchuzi wa limau juu yake. Yale maji ya limau aliyolowekea kuku mbichi bado yalikuwapo bakulini. Akayamwaga juu ya paja kubwa kuliko yote, akamwekea binti yake.

Mkewe alikuwa na vidonda vya tumbo, hakuruhusiwa kula vitu vichachu, kwa hiyo alikula mayai ya kuchemsha. Cheche alichukua mabawa, ambayo yalikuwa yamekauka kabisa, kwa sababu alipenda kutafuna mifupa. Kipande kinono, chenye mchuzi, kilikuwa cha mwenye shughuli.

Binti alikula, akafika karibu na mfupa. "Baba, mbona hapa pana wekundu?"

"Huo ndio utamu wenyewe. Kula, mwanangu."

Cheche alikuwa ameegemea meza, anamtazama kwa furaha. Binti aliuona uso wa baba yake. Akala paja lote, akapangusa mpaka mchuzi uliobaki sahanini.

Alfajiri, Cheche alisikia sauti nyuma ya mlango wa bafuni. Aliamka, akasimama nje ya mlango.

"Mwanangu?"

"Nakuja, Baba."

Hakuja. Alitapika na kuharisha mpaka akawa hawezi kusimama. Shati lake jeupe, lililopigwa pasi na mama yake, lilikuwa linaning'inia mlangoni. Alijaribu kulivaa. Alifunga vifungo viwili, akaketi sakafuni.

Wakamkimbiza zahanati. Muuguzi alimtundikia dripu, kisha akauliza, "Jana alikula nini?"

Cheche alieleza yote, sauti ikishuka kadiri alivyoendelea. Muuguzi hakumgombeza. Alisema tu kwamba kuku mbichi hubeba vijidudu, na kwamba vimeingia tumboni pamoja na ule mchuzi na ile nyama ya mfupani.

Ukutani palikuwa na saa. Binti aliitazama mpaka muda wa usaili ukapita. Halafu akageuza uso upande wa pili. Hakumlaumu baba yake hata kwa neno moja. Angemlaumu, ingekuwa nafuu.

Chuoni walisema pole sana, aje mwakani.

Binti akapata kazi ya kuuza viatu. Kila asubuhi wanafunzi wa ukunga walipita mbele ya duka na sare zao, naye akawa anapanga viatu rafuni bila kuinua kichwa. Cheche aliliona hilo siku moja alipompelekea chakula. Alirudi kibandani akazima mashine, akakaa. Ule usemi wa kuujua moto hakuutamka tena. Wateja walichukua mageti yao bila nyongeza ya maneno.

Siku moja jirani yake, Mpishi, alimletea wavu wa mgahawani uliovunjika mguu.

"Fundi, siku hizi umekuwa kimya. Unaumwa?"

Cheche aliugeuza wavu mikononi. "Dada, nikuulize kitu. Kuku wa limau anapikwaje?"

Mpishi alikuwa amesikia habari ya binti. Akavuta benchi, akakaa. "Ungeniuliza tu, Fundi. Ni ukuta mmoja."

"Najua," alisema Cheche. "Niliona aibu."

Siku ya mapumziko yake, Mpishi alikuja jikoni kwao. Mkewe Cheche naye aliacha cherehani.

"Kwanza, kuku mbichi usimwoshe hivyo," alisema Mpishi. "Maji yanayoruka yanabeba vijidudu mpaka kwenye vyombo. Moto ndio utakaoviua. Wewe mpanguse tu kwa karatasi safi, uitupe. Akiwa mkavu, ngozi inakauka vizuri motoni. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Kisu na ubao navyo vioshe kwa sabuni na maji moto kabla hujakata kitu kingine."

"Na limau?"

"Limau ni la ladha. Haliui vijidudu vya kutosha."

"Lakini kutu linatoa."

"Kuku ana kutu?" aliuliza Mpishi, na mkewe Cheche akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. "Ukimloweka kutwa nzima, nyama inalegea juu, haina raha mdomoni. Saa moja inatosha, tena ndani ya friji, amefunikwa, rafu ya chini asidondokee vyakula vingine."

Alichanganya maji ya limau, mafuta, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga na majani ya viungo yaliyokatwakatwa. Akakwangua humo ganda la limau, ile sehemu ya njano tu, kwa kuwa nyeupe ni chungu. Lakini kabla hajamgusa kuku, alichota kiasi kwenye kikombe, akakifunika na kukiweka mbali.

"Hiki ndicho kitakuwa mchuzi. Hakijagusa nyama mbichi. Yale yaliyolowekewa kuku yanamwagwa."

Cheche aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliomwaga bakuli juu ya paja.

Kwenye moto Mpishi alisubiri mkaa ushike jivu, akautawanya. Akaanza na upande wa ngozi. Ngozi ilipopata rangi ya dhahabu, akageuza, akafunika kwa sufuria, akapunguza mkaa.

"Wewe chuma unakijua kwa rangi ya nje," alisema. "Kuku anakudanganya kwa nje. Moto unafika mfupani mwisho kabisa. Mchome kwa kisu pale paja linapokuwa nene, karibu na mfupa. Maji yakitoka mekundu au nyama ina wekundu, mrudishe. Yakitoka meupe na nyama ni nyeupe mpaka mfupani, ameiva. Mtoe, mwache apumzike kidogo ndipo umwagie mchuzi wako."

Binti aliporudi kazini alikuta kuku mezani. Alionja bawa moja, akasema ni tamu, akaenda kulala. Cheche hakumshikilia. Tangu hapo alimpika mara nyingi, akachoma kisu karibu na mfupa kila mara, hata pale mkewe alipomwambia, "Huyo ameshakufa, baba. Mwache."

Mwaka ukazunguka. Chuo kikamwita binti tena. Siku moja kabla ya usaili aliingia kibandani.

"Baba, leo jioni nataka kuku wa limau."

Cheche aliweka chini miwani yake ya kazi. "Kula mkate, mwanangu."

"Mkate nakula kila siku."

"Usinifanyie hivyo."

"Nataka wa kwako," alisema binti. "Nimeshakuona unavyompika."

Alimpika. Hakuruka hata jambo moja. Mezani binti alipasua paja. Nyama ilikuwa nyeupe mpaka mfupani, na maji yake yalikuwa maangavu. Safari hii Cheche hakumwambia ale.

"Nisamehe," alisema. "Mwaka wako niliupoteza mimi. Nyumba ya kuuliza ilikuwa hapo tu."

Binti aliweka paja chini. "Uliniumiza sana, Baba. Sikukwambia, lakini uliniumiza." Kisha akasogeza sahani. "Niongezee mchuzi."

Alfajiri Cheche alikuwa tayari amesimama nje ya mlango wa bafuni, miguu mitupu. Alisikia maji. Halafu hakusikia kitu.

"Mwanangu?"

Cheche akashika kitasa. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Binti alikuwa na povu mdomoni.

"Baba, napiga mswaki."

Alivaa lile lile shati jeupe la mwaka uliopita. Alikuwa bado anakua, na mikono ya shati haikufika tena kwenye viganja. Mama yake alitaka kusikitika, binti akaikunja mpaka kwenye viwiko. "Hakuna atakayeona," alisema. Cheche aliona.

Nafasi aliipata. Siku hizi anapita mbele ya lile duka la viatu akiwa na sare, mwaka mmoja nyuma ya wale aliokuwa akiwatazama.

Shati lilipombana kabisa, mama yake alitaka kulikata liwe matambara ya kufutia grisi.

"Hilo hapana," alisema Cheche.

Akalitundika kwenye msumari jikoni, juu ya ubao wa kukatia. Mgeni akiuliza ni la nini, anamweleza habari yote, kuanzia kwenye aibu. Kisha anamwonyesha kwa kidole pa kuchoma kisu, pale paja linapokuwa nene.